Sakafu Isiyong'aa

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa sababu nikisema nitatukana.

Wifi alikuja leo mchana. Hakukaa. Alipita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, akasimama pale akikiangalia kibaraza kama askari aliyeitwa kwenye ajali. Na kweli ni mahali pa ajali. Msimu wa mvua uliopita, Mama, yaani mama mkwe wangu, aliteleza pale akavunjika nyonga. Tangu hapo anatembea na gongo la miguu minne, na tangu hapo hajakanyaga nje.

Wifi ndiye binti yake mkubwa. Kaka yake alikuwa mume wangu, naye alitutoka mwaka juzi. Tumebaki mimi na Mama katika nyumba hii, watu wawili ambao hata mume wangu alipokuwa hai hatukuwahi kupikika chungu kimoja.

"Wifi," akasema, "Mama haishi hapa, amefungwa hapa. Chumbani, sebuleni, chumbani. Mvua hizi zikiisha nakuja na gari namchukua."

"Umpeleke wapi, ghorofani kwako?"

"Kwangu kuna lifti."

"Siku hizi inafanya kazi?"

Nikasema, tena kwa sauti, kwamba mvua zikiisha atakuta kibaraza kizima, na Mama akishindwa kutoka nje kwa miguu yake basi amchukue, mimi mwenyewe nitambebea mizigo. Aliniangalia kwa huruma. Ningependa anitukane kuliko kuniangalia vile.

Mama alikuwa anasikia kila neno, mlango wake haufungi vizuri. Nilipompelekea chai aliionja, akasema haina sukari.

Jumanne, 5 Machi

Nimekikagua kibaraza kwa macho ya fundi cherehani, maana ndiyo macho niliyo nayo. Ni zege alilolimwaga baba mkwe kabla sijaolewa, ukubwa wa chumba kizuri. Limepasuka kutoka pembe hadi pembe kama suruali iliyoachia mshono wa nyuma. Kibaya zaidi limeinamia mlangoni badala ya kuinamia nje, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yote yanakuja kutubishia hodi. Yanatuama, yanaota utando wa kijani, na utando ndio uliomwangusha Mama. Halafu kutoka kizingitini hadi chini kuna kidato kirefu kupita haki.

Nguo ikiletwa kwangu katika hali hii siitupi. Naifumua, nakata kiraka, nashona upya.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwita fundi mwashi. Mtaani wanamwita Kesho Asubuhi, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Alipiga kisigino kwenye zege mara kadhaa, akatikisa kichwa. "Dada, hili ni la kuvunja lote." Akataja bei. Nilimwomba airudie, si kwamba sikusikia, nilitaka tu kushangaa vizuri.

"Na mvua hii inayokuja," akaongeza, "hakuna mtu anamwaga saruji. Subiri kiangazi."

"Siwezi kusubiri."

"Basi nakuja kesho asubuhi tuzungumze."

Alhamisi, 7 Machi

Hakuja.

Jumamosi, 9 Machi

Hakuja. Nimenunua tindo, nyundo na brashi ya waya. Potelea mbali.

Jumapili, 10 Machi

Nimefunga kibwebwe nikasugua utando tangu asubuhi. Magoti yamechubuka. Mama alikuwa dirishani akinisimamia.

"Umeacha pale."

"Nitafika, Mama."

"Na pale."

Nilipoolewa alinifanyia mtihani wa sakafu. Alipitisha kidole chini ya kitanda chetu cha arusi, akakitazama kidole, akatoka bila kusema neno. Katika ukoo huu mwanamke anapimwa kwa sakafu. Ikiwa huwezi kuinama ukaona uso wako, wewe hujafagia, umepita tu. Nilijifunza. Hadi leo nyumba hii, ndani, inang'aa kama sahani.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Imekuja kwa hasira.

Jumapili, 17 Machi

Kulikuwa na jua asubuhi, nikajidanganya. Nilipanua ufa mkubwa kwa tindo, nikausafisha, nikachanganya saruji na mchanga kwenye karai, nikaujaza vizuri na mwiko wa kuazima. Ulipendeza. Nilisimama nikautazama hadi jirani akaniuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama kuna mgeni.

Saa tisa ikapiga mvua. Saruji yote ikasombwa, ikaja ikajipanga kwenye kizingiti kama uji uliomwagika. Nilifunika kwa shuka, nikafunika kwa beseni, nikakaribia kufunika kwa mwili wangu. Nililia, nasema kweli. Mama akapiga kelele kutoka ndani, "Kwani unalilia nini, tope?"

Jumatatu, 18 Machi

Muuza duka la vifaa ameniuliza nitakizibaje kibaraza katikati ya masika. Nikamwambia hilo ni swali langu, lake ni kunipimia mchanga.

Jumatano, 20 Machi

Nimepata la kufanya. Nyuma ya duka la vifaa kuna rundo la mifuko mitupu ya saruji, ile ya nailoni ngumu. Mwenye duka anaitupa. Nimeichukua yote niliyoweza kubeba. Nitashona paa.

Jumapili, 24 Machi

Nimevunja sindano kibao, na mashine inanuna kila nikiikaribia, ila mifuko imeungana. Nimeikunja pindo mara mbili, nimetia kamba katika pembe zote. Jirani kanisaidia kufunga, upande mmoja kwenye paa la nyumba, upande mwingine kwenye ukuta wake. Sasa juu ya kibaraza kuna turubai lenye maandishi ya saruji kila mahali, mengine yamepinduka kichwa chini. Watu wanapita nyuma wanacheka. Mtoto mmoja ameuliza kama tunafanya sarakasi. Wacheke. Mvua imenyesha mchana kutwa na chini yake ni pakavu.

Mama alitazama juu kwa muda mrefu kutoka mlangoni. "Mshono wako wa kati umeenda upande," akasema. Kweli umeenda upande. Lakini alifika mlangoni peke yake, na hilo sikumwonyesha kwamba nimeliona.

Jumamosi, 30 Machi

Ufa mkubwa umejazwa, umekauka, umeshika. Nimeupiga kwa nyundo kuujaribu na haukusema kitu.

Jumamosi, 6 Aprili

Kazi ya wiki hii ni kuchokoa uso mzima wa zege kwa tindo, vishimo karibukaribu, ili saruji mpya ipate pa kung'ang'ania. Narudi kutoka kazini saa kumi na nusu, nachokoa hadi giza. Mkono wa kulia hautaki tena kushika mkasi. Leo nimekata kola ya mteja ikatoka ndogo kama ya mwanasesere, nikalazimika kuikata upya kwa kitambaa changu.

Mama sasa anakaa mlangoni kwenye kiti. Anasema ananisimamia. Nadhani anapunga hewa. Tunaongea. Leo kaniambia baba mkwe alilimwaga zege hili siku ambayo walikuwa wamegombana, na ndiyo sababu limeinamia ndani. Alikuwa anamwaga huku anajibu matusi. Nilicheka nikaangusha nyundo.

Jumatano, 10 Aprili

Wifi amepiga simu. Kuuliza hali ya Mama, na kunikumbusha. Nikamwambia sijasahau.

Jumapili, 14 Aprili

Nitaandika hili mara moja tu. Akiondoka Mama, mimi nitabaki nani katika ukoo huu? Sikupata mtoto. Mume hayupo. Watanikumbuka misibani, watanitumia salamu, halafu salamu zitapungua. Watu wanadhani namng'ang'ania mama yao ili nionekane mwema. Namng'ang'ania kwa sababu nikisikia gongo lake likigonga sakafu asubuhi najua nina mtu. Ndivyo ilivyo, na sioni haya.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwaga! Chini ya turubai, mvua ikipiga juu hatusikilizani, nimemwaga saruji mpya juu ya zege la zamani, nene upande wa mlango, nyembamba upande wa nje, ili mkondo wa maji ugeukie nje. Kile kidato kirefu nimekifuta, nimeweka mteremko mpole. Nililainisha kwa mwiko wa chuma hadi ikawa kama uso wa mtoto. Nikanyunyiza rangi nyekundu ya sakafu ikiwa bado mbichi.

Mama alikuwa anaelekeza. "Pale kuna alama ya mwiko. Pale. Hapana, pale!" Tulikuwa kama watu wawili waliotumwa na mtu mmoja.

Jumapili, 28 Aprili

Nimepaka nta. Nimesugua kwa kitambaa cha sufu, nikasugua tena. Jamani, kinang'aa. Nimeinama nikaona meno yangu. Jirani kaja na dada yake kutazama, muuza duka la vifaa kaja, hata watu nisiowajua walichungulia. Turubai nimelishusha ili kionekane.

Na Mama ametoka. Ametoka nje! Nilimshika mkono, akashuka mteremko, akafika katikati, akakaa kwenye kiti juani. Akapitisha kidole chini ya kiti. Akakitazama. Akasema, "Safi."

Nimesubiri neno hilo tangu niolewe. Nimeingia jikoni nikafunga mlango nikacheza.

Alhamisi, 2 Mei

Leo ni siku mbaya kuliko zote na nitaiandika yote.

Mvua ilinyesha asubuhi, ndogo tu, manyunyu. Mama alikuwa mlangoni anangoja ikatike atoke. Mimi nilitangulia na beseni la nguo. Hatua ya kwanza nje, miguu ilinitoka yote miwili kwa pamoja. Nilikwenda juu, nikaja chini kwa makalio, nikateleza kwenye mteremko wangu mwenyewe hadi mwisho wa kibaraza, na beseni likanifuata.

Mama alicheka hadi akashika mlango. Na mimi nikacheka, pale chini, nimelowa. Halafu nikaona ameacha kucheka. Alikuwa anaitazama sakafu, nyekundu, imelowa, inang'aa. Akanyoosha gongo lake akaligusisha chini, taratibu. Mguu wa gongo ukateleza.

Aligeuka akaingia ndani.

Nilimfuata nikiwa natiririka maji. Alikuwa amekaa kitandani, gongo ameliweka mbali, kwenye kona.

"Mpigie binti yangu," akasema. "Aje tu. Asisubiri mvua ziishe."

"Mama, nitarekebisha."

"Mimi ni mtu wa kuvunjika mara ya pili? Umenitengenezea kioo, mwanangu. Kioo hakikanyagwi."

"Wewe ndiye uliyesema safi!"

"Ndiyo, nilisema! Na ningekuwa mimi ningekisugua hivyohivyo. Sote wawili ni wajinga. Mpigie."

Hilo ndilo lililoniuma. Si fundi, si pesa, si mvua. Ni sisi. Kwa miezi miwili tumetengeneza mahali pa mtu anayeogopa kuanguka, na hatukuwahi hata mara moja kufikiria miguu yake. Tulifikiria macho ya wageni. Angekuwa mtu yeyote kutoka nyumba nyingine, mwenye sakafu ya kawaida yenye vumbi lake, asingefanya kosa hili.

Nilimpigia wifi. Nilitaka kusema njoo. Badala yake nikasema, "Nimeanguka kibarazani." Akaniuliza nimeumia wapi, nani yuko na mimi, naweza kusimama. Halafu akasema, "Wifi, siku ile Mama alipoanguka alikuwa anaongea na mimi. Nilisikia simu ikigonga chini. Nikasikia analia na mimi niko mbali, siwezi kufanya kitu. Mpaka leo akinipigia simu naogopa kuipokea."

Sikuwahi kujua. Nimemchukia tangu Machi kwa kuja na amri zake, kumbe ni hofu iliyovaa viatu vya ofisini. Nilimpa pole, na nilimaanisha.

Sikumwambia aje.

Ijumaa, 3 Mei

Mama hatoki chumbani. Chakula anakula nusu.

Jumamosi, 4 Mei

Hatoki. Kesho Asubuhi, amini usiamini, amekuja. Asubuhi kweli. Alisimama pale na ndoo yake, akatazama sakafu nyekundu, akaniuliza nani kaniwahi. Nikamwambia mimi. Akaona aibu kidogo, ila ilimpita haraka.

Jumatatu, 6 Mei

Nimempeleka Mama chooni. Ndani ya nyumba hii namshika kila mahali, lakini mbele ya mlango wa choo aliuondoa mkono wangu, kama anavyofanya siku zote. Leo ndipo nikauliza.

"Mbona hapa hutaki nikushike?"

"Hapa pananishika penyewe."

Nilitazama chini. Ni pale ambapo fundi wa zamani aliishiwa na saruji au na hamu, akaacha pakiwa pamekwaruzika kama paji la uso la mzee. Nimepachukia mahali hapo miaka yote, hapakubali kusuguliwa. Nilivua kandambili, nikakanyaga kwa nyayo, nikarudi nikakanyaga tena.

"Mama," nikasema, "sakafu ya nje nitaiharibu."

Alinitazama kama nimetukana baba yake. Halafu akasema, "Turubai bado lipo?"

Jumapili, 12 Mei

Turubai limerudi juu. Wiki nzima nimechokoa. Rangi nyekundu imeruka vipande, nta yote imekwenda, na kila kipande kilichoruka niliapiza kimoyomoyo. Jirani kauliza kama nimepatwa na wazimu. Nikamwambia ndiyo, na kama ana nyundo alete. Akaleta.

Mvua haikatiki. Vizuri. Inyeshe. Ikinyesha wifi haji.

Jumamosi, 18 Mei

Leo tumemwaga tena, tabaka jembamba, bila rangi. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Kila nikitandaza, mwiko unalainisha wenyewe.

"Unalainisha!" Mama akapiga kelele kutoka kitini, maana nilimkokota hadi kibarazani akiwa amekaa.

"Silainishi."

"Unalainisha, nakuona! Nipe ufagio."

Nikampa ufagio mgumu wa uani. Alisogea ukingoni mwa kiti hadi nikaogopa, akaburuta ufagio juu ya saruji mbichi kutoka upande hadi upande. Ukaacha mistari, ya ovyo, iliyopinda. Mkono wake ulitetemeka, na mistari ikatetemeka nao. Nilikuwa natandaza nikirudi nyuma, yeye anakwaruza nikimsogeza na kiti chake kuelekea ndani, hadi tukaishia mlangoni wote wawili, tumechafuka hadi nyusi.

Sijawahi kuona sakafu mbaya kama ile. Mama naye aliitazama, akasema, "Mungu atusamehe." Tukacheka sana.

Jumapili, 19 Mei

Nainyunyizia maji isipasuke. Imekaa.

Alhamisi, 23 Mei

Mama amesimama mlangoni, akaweka gongo nje, akalirudisha. Akaliweka, akalirudisha. Kisha akaniambia nikapike. Sikuangalia. Nimejilazimisha kumenya vitunguu nisivyovihitaji.

Jumapili, 26 Mei

Wifi amekuja na gari. Mvua hazijaisha ila zimechoka, akaona asisubiri zaidi. Alikuja na dereva na mto wa kuegemea, na shuka mpya. Nilimpokea. Tulikumbatiana vibaya, kila mtu kichwa upande mmoja.

Akaenda kwenye mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeshusha turubai, maana si haki kumfichia mvua. Kulikuwa na manyunyu, yaleyale. Akatazama kibaraza.

"Wifi," akasema taratibu, "hii ndiyo sakafu?"

"Ndiyo."

"Mbona kama ngozi ya kenge? Hujamaliza?"

"Nimemaliza."

Nilimwona anatafuta neno la kistaarabu, akalikosa. Katika ukoo huu hakuna anayejua kusifu kitu kama kile. Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na hotuba nzima, nimeishona wiki mbili. Lakini Mama alikuwa ameshatoka chumbani, tulisikia gongo. Alitupita katikati, mimi na binti yake, bila salamu. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea.

"Mama, ngoja nikushike, kunanyesha!" Wifi akanyoosha mikono. Na mimi nikanyoosha, nakiri, sote tulinyoosha.

"Asinishike mtu," Mama akasema.

Akaweka gongo kwenye mteremko. Likasimama. Akashusha mguu, akashusha wa pili. Alikwenda polepole mno, mvua ikimlowesha mabega na kichwa. Wifi alinikamata mkono, kucha zake zikaniingia. Mama alifika katikati. Hakukaa, hakukuwa na kiti. Aligeuka tu, akasimama wima pale mvuani, akatutazama sisi tulio ndani, pakavu, tumeng'ang'aniana kama watoto.

"Binti yangu," akasema, "kwako ni pazuri. Nyumba yako nzuri, lifti yako nzuri. Lakini kwako nikitaka kutoka nje itabidi niombe. Hapa nafungua mlango."

"Mama, ukianguka je?" Sauti ya wifi ilikatika. "Ukianguka tena?"

"Nitaanguka nikiwa nimetoka."

Wifi alianza kulia, waziwazi, kama mtu ambaye hajapata nafasi muda mrefu. Nilifikiri atarudi ndani. Alivua viatu vyake virefu, akaviweka kizingitini, akatoka nje peku kwenye mvua hadi alipo mama yake. Hakumshika. Nilimwona anavyojizuia. Alisimama tu karibu naye, mikono imeshikana nyuma, wanalowana.

Dereva aliniuliza mizigo iko wapi. Nikamwambia hakuna mizigo, ila kama anataka chai kuna chai.